Kilomita 54: Historia ya Safari za Siku Moja kati ya Butembo na Beni



Katika mkutano wetu wa kuandaa msimu wa michezo, swali moja lilituchukua muda kuliko mengine yote. Halikuhusu jezi, wala mpira mpya, wala nani awe nahodha. Liliulizwa na kijana mmoja wa timu ya parokia, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango: "Je, mwaka huu tutakwenda Beni?" Chumba kilinyamaza. Mama mmoja aliinamisha uso. Baadhi yetu, ambao nywele zimeanza kuwa na mvi, tulikumbuka wakati ambapo swali hilo lisingeulizwa na mtu yeyote, kwa sababu jibu lake lilijulikana. Kwenda Beni na kurudi siku hiyohiyo lilikuwa jambo la kawaida, kama kwenda sokoni.

Hatukumjibu siku hiyo. Tuliahidi kutafakari, na tuliona kwamba hatuwezi kutafakari vema bila kwanza kukumbuka safari hizo zilitoka wapi, zilitufundisha nini, na kwa nini zimekatika mara nyingi. Ndiyo maana ya makala haya.

Siku ilivyokuwa

Kwa ninyi mlio wadogo, tuwaeleze kwanza safari yenyewe. Kati ya Butembo na Beni kuna yapata kilomita 54. Butembo iko juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi na ukungu. Beni iko chini, karibu na msitu, kwenye joto la kakao na kahawa. Barabara inapita Maboya, kisha inateremka mlima Kabasha kwa kona nyingi, na hapo ndipo wasafiri walipoanza kuvua makoti.

Siku ya safari ilianza kwa Misa ya kwanza. Wachezaji waliketi pamoja, na padri aliwabariki kabla ya kuondoka. Nje lilingoja lori la mfanyabiashara mmoja wa parokia, ambalo jana yake lilibeba viazi au mbao. Walipanda wachezaji, wanakwaya, mabinti wa timu ya mpira wa mikono, akina mama wenye masufuria, na daima mzee mmoja aliyesema amekuja kuwachunga vijana, lakini ambaye alipiga kelele uwanjani kuwashinda wote. Njiani waliimba. Walipofika, wenyeji waliwapa maji ya kunawa, na mechi haikuanza kabla ya salamu za viongozi wa pande mbili.

Baada ya mechi ndipo ilipokuja sehemu ambayo wengi wetu tunaikumbuka kuliko mabao. Bugali, sombe, maharagwe na samaki viliwekwa mbele, na aliyefungwa alikula sahani moja na aliyemfunga. Watu waliulizana habari za ndugu. Mtu aligundua kwamba beki aliyemkaba dakika tisini ni mtoto wa shangazi wa rafiki yake. Ndoa kadhaa katika parokia zetu zilianzia kwenye safari za namna hiyo. Jioni walisali pamoja, wakaagana, na lori likapanda Kabasha kabla ya giza.

Wengine walikwenda mbali zaidi: Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, ambao kilele chake cha mita 5,109 huonekana asubuhi mawingu yakiondoka, au Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard, penye wavuvi. Lakini njia mama ilikuwa hiyo ya Butembo na Beni. Hata jimbo letu linaibeba katika jina lake. Lilipoanzishwa mwaka 1959 liliitwa Jimbo la Beni. Tangu mwaka 1967 linaitwa Butembo-Beni. Kile kistari kidogo katikati ya majina mawili ndicho barabara tunayoizungumzia.

Mpira ulivyokuja na misheni

Wazee wetu hawakubuni mpira wa parokia. Ulikuja pamoja na shule za misheni, na ni haki tuseme ukweli wote juu ya kuja kwake.

Katika Kongo ya Wabelgiji mtu anayekumbukwa zaidi kwa jambo hili ni Padri Raphaël de la Kethulle wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Watu walimwita Tata Raphaël. Mwaka 1919 alianzisha chama cha michezo kwa ajili ya vijana Wakongomani, akajenga viwanja na shule. Uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 sasa unaitwa kwa jina lake, na ndio uwanja ambapo Muhammad Ali alimshinda George Foreman mwaka 1974. Huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wamonaki Wabenediktini walianzisha mwaka 1939 timu ya vijana iliyokuja kuwa TP Mazembe. Huku kwetu mapadri Waasumpsioni, waliofika mwaka 1929, walijenga misheni juu ya vilima, na pembeni mwa kanisa na shule palikuwa na uwanja.

Je, nia yao ilikuwa gani? Ilikuwa mchanganyiko. Mapadri wengi waliwapenda vijana kweli, na waliamini kwamba mwili ulioumbwa na Mungu unastahili kulelewa pamoja na roho. Lakini utawala wa kikoloni ulikuwa na hesabu zake. Kijana aliyechoka kwa mpira Jumapili alasiri hakuwa na nguvu ya kukaa kwenye pombe, wala ya kuzungumza siasa. Ni utawala huohuo uliomtaka Mkongomani awe na karatasi ya ruhusa ili aondoke eneo lake na kwenda kuishi mahali pengine. Hivyo mkono mmoja ulimpa kijana mpira, na mkono wa pili ulishika mguu wake.

Hata hivyo mambo hayakwenda kama watawala walivyokusudia. Timu inahitaji kiongozi, mweka hazina, katibu, na kanuni zinazomhukumu tajiri na maskini sawasawa. Inahitaji kuandikia barua timu ya mji mwingine, kupanga siku, kukusanya nauli, kupokea wageni. Vijana walijifunza kujiongoza pale walipopelekwa ili waongozwe. Tarehe 4 Januari 1959, huko Léopoldville, mkutano wa chama cha Abako ulipozuiliwa, umati wenye hasira ulichanganyika na washabiki waliokuwa wakitoka uwanjani baada ya mechi ya Vita Club. Ghasia za siku zile ziliharakisha uhuru, uliokuja tarehe 30 Juni 1960. Hatusifu ghasia, watu wengi walikufa. Tunachosema ni kwamba mahali vijana wanapokutana kwa furaha, hukutana pia na maswali yao.

Mashariki mwa nchi mbegu nyingine ilipandwa. Mwaka 1952, huko Bukavu, Padri Georges Defour wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha chama cha vijana cha Xaveri, kikiwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko Xaveri. Wengi wenu ni Waxaveri, au wazazi wenu walikuwa. Chama kile kilishika michezo, nyimbo, kambi na matembezi, kikavifanya kuwa njia ya malezi. Katika matembezi kijana hujulikana alivyo. Anayebeba mzigo wa mwenzake kwenye mlima huonekana, na anayejificha wakati wa kuosha masufuria naye huonekana.

Serikali iliyopenda viwanja ikaogopa matembezi

Baada ya uhuru ungetegemea kwamba njia zingefunguka zaidi. Kwa muda zilifunguka. Lakini Rais Mobutu alipoimarisha chama chake cha MPR, alitaka vijana wote wawe chini ya tawi moja, JMPR. Alitaka liingie hata katika seminari. Kardinali Joseph Malula alipopinga mambo hayo, mwaka 1972 alilazimika kukaa nje ya nchi kwa miezi kadhaa. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ilivunja vyama vya vijana vya kidini.

Vijana, tafakarini jambo hili. Ni serikali ileile iliyoupenda sana mpira. Mwaka 1974 timu ya taifa, Leopards, ilichukua Kombe la Afrika, na mwaka huohuo ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kabla ya mashindano hayo wachezaji walipewa zawadi na sifa nyingi. Waliporudi kutoka Ujerumani wakiwa wamefungwa mabao 14 bila kufunga hata 1, walipokelewa kwa ukimya. Serikali ilipenda mpira wa uwanja mkubwa, ambapo watu elfu nyingi huketi na kumshangilia mtu mmoja jukwaani. Haikupenda vijana thelathini juu ya lori, wakiimba nyimbo ambazo hakuna aliyewaandikia, wakienda kula nyumbani kwa vijana wengine thelathini. Washabiki wakiwa kwenye viti mtawala anaweza kuwahesabu. Marafiki walioko njiani ni vigumu kuwahesabu.

Miaka ya vita

Kuanzia mwaka 1996 vita vilikuja juu ya vita. Mji wa Butembo na mji wa Beni ilitawaliwa na vikundi vyenye bunduki, na kwenye barabara kulikuwa na vizuizi ambapo kila mpita njia alitoa kitu. Katika wakati huo tulimpokea tena mchungaji wetu wa zamani. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni kwa miaka thelathini kabla ya kutumwa Bukavu, aliandika barua ya Noeli mwaka 1999 akilaani unyonyaji na uonevu. Februari mwaka 2000 watawala wa Bukavu walimfukuza, wakamzuia katika nchi yake ya kuzaliwa, yaani huku kwetu. Walidhani wanamwadhibu. Alirudi Bukavu mwezi Septemba, akafariki mjini Roma tarehe 4 Oktoba 2000.

Tunamtaja hapa kwa sababu alielewa thamani ya kuunganisha watu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanza Butembo mwaka 1989 kwa juhudi zake, kilikusanya vijana wa vilima na vijana wa msituni katika madarasa yaleyale. Na mchungaji aliyezuiliwa kusafiri ni shahidi mzuri wa jambo hili: anayetaka kuua udugu huanza kwa kufunga njia.

Amani ya mwaka 2003 ilirudisha safari kwa kiasi. Wakati huo ndipo wengi wetu tulipokuwa wachezaji. Timu za Butembo kama Nyuki zilikuwa na washabiki katika miji yote miwili, na mechi za kirafiki za parokia zilipangwa mara kwa mara. Hatukujua kwamba tulikuwa tukiishi katika mapumziko mafupi.

Mwezi Oktoba mwaka 2014 mauaji ya raia yalianza katika wilaya ya Beni: usiku, kwa mapanga na shoka, familia baada ya familia. Miaka miwili kabla yake, Oktoba 2012, mapadri watatu Waasumpsioni walikuwa wametekwa Mbau, na hatujawaona tena. Agosti 2016 damu ilimwagika Rwangoma, ndani ya mji wa Beni. Mei 2021 serikali iliweka mkoa wetu chini ya utawala wa kijeshi, lakini mauaji hayakukoma. Mwezi Oktoba 2022 kituo cha afya cha Kanisa huko Maboya kilishambuliwa, na mtawa aliyekuwa daktari aliuawa pamoja na wengine. Maboya, ndugu zetu, ni mahali ambapo malori yetu yalipunguza mwendo ili tununue ndizi.

Ugonjwa uliotufundisha kuogopana

Kati ya majeraha hayo ya silaha kuna jeraha jingine, na kwa upande wa urafiki huenda ndilo lililoingia ndani zaidi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ulipanda barabara ileile ya lori letu na kuingia Butembo. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa.

Mnakumbuka ndoo za klorini mlangoni mwa kanisa. Mnakumbuka kutopeana mkono wa amani katika Misa. Barabarani kila msafiri alishuka, akapimwa joto kwa kifaa kilichoelekezwa kwenye paji la uso, akanawa, ndipo akaendelea. Hayo yote yalikuwa ya lazima, na yaliokoa maisha. Lakini pamoja na maji ya klorini yaliingia maneno mabaya. Butembo walisema ugonjwa ni wa watu wa Beni. Beni walisema watu wa Butembo wanaficha wagonjwa. Uvumi ulisema hakuna ugonjwa, kuna biashara. Wahudumu wa afya walipigwa mawe, na wengine waliuawa.

Kisha Desemba 2018 ikatangazwa kwamba miji yetu yote miwili haitapiga kura ya rais pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya ugonjwa na usalama. Tarehe 30 Desemba wananchi wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ya mfano, ili dunia ione kwamba nao ni watu. Siku ile sisi wa Butembo tuliwatazama kwa heshima kubwa. Tulikuwa tumefungiwa nje ya mlango uleule. Lakini hatukuwa tumewatembelea kwa muda mrefu, na wengi wetu tuliona aibu hata kuwapigia simu.

Lazima tukiri jambo hapa. Silaha zilifunga barabara bila idhini yetu. Lakini maneno mabaya tuliyasema wenyewe, kwa vinywa vilivyopokea Ekaristi. Ebola ilipokwisha, rafiki zetu wa timu ya Beni walituandikia ujumbe mfupi: "Je, bado mnatuogopa?" Tulijibu kwamba tunangoja usalama. Lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa ukweli wote.

Walipotembea wengine

Kanisa limetupatia karibuni marafiki wawili wa kutusaidia kufikiri.

Wa kwanza ni Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia, aliyezaliwa mwaka 1901 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Alikuwa mwanachama wa vyama vya wapanda milima. Mwaka 1924 yeye na rafiki zake waliunda kikundi chao cha utani na sala, wakijipa jina la kuchekesha la watu wasioaminika, na siku za mapumziko walipanda milima pamoja. Njiani walicheka, walitaniana, walisali. Katikati ya juma kijana huyohuyo alizunguka vibanda vya maskini akiwapelekea chakula na dawa. Alikufa kwa polio tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24, na inaaminika aliupata ugonjwa huo kwa maskini aliowatembelea. Miguu iliyopanda milima Jumapili ndiyo iliyopanda ngazi za maskini siku nyingine.

Wa pili ni wa mkoa wetu. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie nchini, na mwezi Julai 2007 aliuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Alikuwa rafiki wa watoto wa mitaani. Alitangazwa mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025, siku ileile ambapo Kanisa lilikuwa likimalizia Jubilei ya Michezo katika mji huohuo. Sisi tunaona furaha katika kulingana kwa tarehe hizo. Mwanamichezo mwema hukubali kufungwa kuliko kushinda kwa hila, na Floribert alikubali kupoteza uhai kuliko kupitisha hila.

Tena tunamkumbuka Papa Fransisko. Alikuwa ametaka kufika mashariki mwa nchi yetu, na haikuwezekana. Lakini tarehe 1 Februari 2023, huko Kinshasa, aliwapokea watu wa kwetu waliojeruhiwa na vita, akawasikiliza. Kesho yake, katika uwanja wa mpira wa Martyrs, aliwaambia vijana watazame vidole vya mkono wao: sala, jumuiya, uadilifu, msamaha na huduma. Kisha aliwaomba washikane mikono. Kwa nchi iliyotoka kwenye miaka ya kuogopa mikono, ishara hiyo ilikuwa kubwa.

Na katika Injili ya Luka, sura ya 24, marafiki wawili wanatoka Yerusalemu kwenda Emau, na kurudi siku ileile. Mwinjili, katika Kigiriki chake, anapima umbali wao kwa kipimo kiitwacho stadio: stadio 60, karibu kilomita 11. Ni neno hilohilo lililozaa jina la viwanja vyetu vya michezo. Walitembea wakiwa na huzuni, wakizungumza juu ya mauaji yaliyotokea mjini mwao, na Bwana aliingia katikati ya mazungumzo hayo kama msafiri mwenzao. Hawakumtambua mpaka walipoketi kula pamoja. Safari ya siku moja, mazungumzo ya njiani, chakula jioni: tumekwisha kuiona siku hiyo mahali fulani.

Jibu letu

Turudi sasa kwa kijana wa nyuma ya chumba.

Hatuwezi kumwambia: panda lori, Mungu atalinda. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika jirani zetu wa Ituri, waamini waliokuwa wamekusanyika kusali parokiani walishambuliwa. Watu zaidi ya 40 waliuawa, na kati yao walikuwamo watoto na vijana. Mama aliyeinamisha uso katika mkutano wetu hakuwa na imani haba. Alikuwa mama. Kumjaribu Mungu si imani, na kiongozi anayehatarisha watoto wa wengine ili aonekane shujaa atatoa hesabu.

Lakini pia hatuwezi kumwambia: sahau Beni. Tukisahau, wale waliotaka tutengane watakuwa wamepata walichotaka bila kutumia hata risasi moja zaidi.

Basi tulipozungumza tena, akasimama binti mmoja wa timu ya mpira wa mikono akasema jambo ambalo sisi wazee hatukuliona. Alisema: "Watu wa Beni wako hapa." Ni kweli. Miaka hii yote familia zilizokimbia Mbau, Eringeti, Oicha na vijiji vingine zimekuja kuishi Butembo, kwa jamaa, kwa kupanga, au kwa kuomba hifadhi. Watoto wao wanasoma na ninyi. Wengi hawamo katika timu yoyote, kwa sababu hawana viatu, au kwa sababu hakuna aliyewaita. Tulikuwa tukiomboleza kilomita 54, na hatukuwa tumetembea kilomita 3.

Hivyo safari ya mwaka huu ilifanyika kwa miguu. Tulitoka baada ya Misa ya kwanza, na akina mama walibeba masufuria kama zamani. Tulikwenda katika mtaa ambapo familia nyingi za wakimbizi wa vita zinaishi. Hatukwenda kugawa msaada. Tulikwenda kucheza, tukiwa wageni, na wenyeji wakatupa maji ya kunawa. Tuliwaomba wao wachague mwamuzi. Walitufunga mabao matatu kwa moja. Baada ya mechi tulikula, na mzee mmoja kutoka upande wa Oicha alisimama akasema kwamba alicheza Butembo akiwa kijana, akasafiri kwa lori, akala kwenye uwanja wa parokia yetu. Akatutajia hata chakula alichokula. Tuliona kwamba deni letu ni la zamani kuliko tulivyodhani.

Jioni ile tuliwapigia simu rafiki zetu wa timu ya Beni, tukawaeleza tulikokuwa. Tuliwaomba msamaha kwa maneno ya wakati wa Ebola. Walikaa kimya kidogo, kisha wakauliza nani alifunga. Tukawaambia. Wakacheka, wakasema wametukomesha hata bila kuja.

Hatujafika Beni. Tumeandika safari hiyo katika daftari la chama kama deni, na kila mwaka tutalisoma mbele ya vijana mpaka siku wazazi, paroko na wenye kujua hali ya barabara watakaposema kwa pamoja: nendeni. Siku hiyo tutasimama Maboya, tutawaombea waliouawa pale, kisha tutateremka Kabasha.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Ni maneno gani tuliyoyasema, au tuliyoyasikia tukanyamaza, juu ya watu wa mji mwingine au kabila jingine? Tunawezaje kuyarekebisha?

2. Katika mtaa wetu wako wapi vijana waliokimbia makwao? Ni nani kati yao ameitwa katika timu, kwaya au chama chetu?

3. Tofauti kati ya busara na woga ni ipi? Mtajie mwenzako jambo moja ambalo uliliacha kwa woga ukaliita busara.

4. Waulizeni wazazi na babu zenu habari za safari za vijana wa zamani. Andikeni majina ya mahali walipokwenda, na mwaka kama wanaukumbuka. Leteni katika mkutano ujao.

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyetembea na marafiki wawili wenye huzuni, tembea nasi katika barabara zetu. Wapumzishe waliouawa. Warudishe waliotekwa. Wafariji waliokimbia. Utusamehe maneno tuliyowatupia ndugu zetu. Utufundishe kuwatembelea walio karibu, mpaka utakapotufungulia njia ya kuwafikia walio mbali. Kwa maombezi ya Mtakatifu Pier Giorgio na Mwenyeheri Floribert. Amina.